Uturuki iko NATO na bado inafanya biashara na Urusi: nimruhusu mdogo wangu akasome huko?

Fundi Isevya (Tabora)

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, hasa kwa mnaofuatilia mambo ya dunia.

Mdogo wangu wa kike kamaliza kidato cha sita, mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), na amepata ufadhili wa serikali ya Uturuki kwenda Ankara kusoma uhusiano wa kimataifa. Mwaka wa kwanza ni wa lugha, halafu shahada. Ada, bweni, bima na tiketi juu yao, na posho kila mwezi. Tangu mzee afariki mimi ndiye ninayemsomesha kwa duka la vipuri vya pikipiki, kwa hiyo neno la mwisho limeniangukia.

Baba mdogo kakataa katakata. Anasema Uturuki imo NATO, umoja wa kijeshi wa Marekani na wenzake, tangu 1952, lakini mwaka 2019 ikapokea mitambo ya S-400 ya kudungulia ndege kutoka Urusi. Inaiuzia Ukraine droni, na huku inanunua gesi ya Moscow. "Anayekula nyumba mbili zinazogombana, iko siku atafungiwa kote." Vita ikitanuka, anasema, pale ndipo pa kwanza kuungua.

Binti hakubali. Jana alichora Bahari Nyeusi nyuma ya daftari langu la madeni, akaweka alama pale Bosphorus na Dardanelles, njia nyembamba za kuingilia bahari hiyo, akaniambia nchi iliyoshika mlango huu haichezewi ovyo. Nilimsikiliza, ila sina elimu ya kumpima. Je, baba mdogo ana haki ya kuogopa? Na nchi ya msimamo huu inafaa mtu kwenda kujifunzia diplomasia?

Reli ya Kati

Hongera kwa binti, mkuu. Kuhusu huo mlango yuko sahihi kabisa. Mkataba wa Montreux wa 1936 unaipa Uturuki mamlaka ya kuzuia meli za kivita za nchi zinazopigana, isipokuwa zile zinazorudi kwenye vituo vyao. Vita ya Ukraine ilipoanza Februari 2022, haikuchukua hata wiki moja kabla ya kuutumia. Ndiyo maana Urusi ilipopoteza meli yake kubwa Moskva mwezi Aprili, haikuweza kuleta nyingine kutoka bahari za nje. Wakati huohuo Uturuki ilikataa kujiunga na vikwazo vya Magharibi dhidi ya Urusi, na bado haijaitambua Crimea, rasi ya Ukraine iliyotwaliwa na Urusi mwaka 2014, kuwa ya Urusi.

Wengi wanaita huu ukigeugeu. Mimi naona msimamo mmoja tu: Bahari Nyeusi isimilikiwe na mkubwa yeyote, awe Urusi au Marekani. Ukiushika huo, mengine yote yanaeleweka. Hata mpango wa kupitisha nafaka ya Ukraine baharini uliosainiwa Istanbul Julai 2022 umo humohumo. Karibu tani milioni 33 zilipita kabla Urusi haijajitoa mwaka uliofuata, na mama lishe yeyote wa hapa Tabora anakumbuka unga wa ngano ulivyopanda mwaka ule.

Mgebuka (Kigoma)

Mimi nasema baba mdogo asipuuzwe. Kukaa katikati kuna gharama, na anayelipa mara nyingi ni mwananchi wa kawaida. Novemba 2015 Uturuki ilidungua ndege ya kivita ya Urusi kwenye mpaka wa Syria. Moscow haikutuma jeshi. Ilipiga marufuku nyanya! Nyanya za Uturuki, pamoja na matunda kadhaa, zikakosa soko Urusi, na watalii wa Kirusi wakazuiwa kwenda ufukweni kwao. Rais Erdoğan wa Uturuki aliandika barua ya kusikitika Juni 2016, lakini nyanya zilianza kuruhusiwa tena mwishoni mwa 2017. Fikiria mkulima aliyekopa pembejeo akisubiri muda wote huo kwa jambo lililotokea angani. Na kwa S-400, Marekani iliitoa Uturuki kwenye mradi wa ndege zake za kivita za F-35, kisha ikaiwekea vikwazo Desemba 2020.

Ila vita kamili na mkubwa yeyote haikutokea. Kinachotakiwa kumtia mama wasiwasi zaidi ni ugaidi: Ankara ilipigwa mabomu mwaka 2015 na 2016. Msimfiche.

Lipo jingine linaloniuma mimi kama mtu wa Kigoma. Uturuki ilipokea Wasyria zaidi ya milioni 3.5, na mwaka 2016 ikakaa mezani na Umoja wa Ulaya, ikaahidiwa euro bilioni 6 kwa ajili yao. Sisi tumekuwa na kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta. Warundi na Wakongo tumewapokea kwa miongo mingi, msitu umekatwa kuni, na chakula cha kambini kinapunguzwa kila wafadhili wakichoka. Nani amekwenda kutudaia haki hiyo kwa kichwa kilichosoma? Binti akajifunze hilo.

Fundi Isevya (Tabora)

Mgebuka, umenigusa. Sisi huku tuna Ulyankulu, makazi waliyopewa wakimbizi wa Burundi, tunajua maana yake. Lakini baba mdogo anauliza: kama ni siasa ya kutofungamana, si abaki asome ya Mwalimu Nyerere hapahapa?

Mwalimu Kiloleni

Swali zuri, ndugu yangu, na mimi nafundisha historia. Mwaka 1965 Mwalimu alivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo), na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Mwaka huohuo Ujerumani Magharibi ilisitisha msaada wa kijeshi kwa kuwa tuliruhusu ubalozi mdogo wa Ujerumani Mashariki Dar es Salaam, naye akawaambia wachukue na uliobaki. Yeye alilipia kanuni zake. Uturuki inaifanyia biashara nafasi yake kwenye ramani. Si kitu kimoja, na binti aondoke akijua tofauti hiyo, asije akadhani ujanja ndiyo siasa yote ya nje.

Hata hivyo aende. Reli ya kisasa kutoka Makutupora hadi Tabora, na Tabora hadi Isaka, walipewa Waturuki wa Yapı Merkezi. Kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, wakapewa Wachina. Nchi yetu nayo inashughulika na pande nyingi kwa wakati mmoja. Inahitaji vijana wanaowaelewa hao watu kwa lugha zao.

Asali Mbichi

Nimesoma huko, naongeza ya vitendo. Posho inalipwa kwa lira, na mwaka 2022 mfumuko wa bei ulipita asilimia 80, kwa hiyo awe na akiba kidogo ya dola. Mwaka wa lugha si wa mchezo, asipofika kiwango cha C1, yaani Kituruki cha juu, ufadhili unaweza kukatwa. Asome barua vizuri: vyuo vingi vinafundisha kwa Kituruki, ingawa chuo cha ODTÜ cha Ankara hutumia Kiingereza. Na siasa za ndani za kule asizijadili mitandaoni, yeye ni mgeni.

Fundi Isevya (Tabora)

Barua inasema Kituruki. Nimemsomea baba mdogo majibu yote, kabakiwa na moja: siku wakubwa wakiilazimisha ichague upande?

Reli ya Kati

Mwambie ilishabanwa, mkuu. Sweden iliomba kuingia NATO Mei 2022, na bila kura ya Uturuki isingeingia. Ankara ilibanwa na Washington na Ulaya nzima, ikavuta muda hadi bunge lake liliporidhia Januari 2024. Siku chache baadaye Marekani ikaridhia kuiuzia ndege za F-16. Ilichagua, ila kwa bei yake na kwa wakati wake.

Fundi Isevya (Tabora)

Ameridhika, na mimi namruhusu. Jumatatu tunakwenda Uhamiaji kuomba pasipoti. Aliyepita karibuni anitajie viambatisho.

Asali Mbichi

Cheti chake cha kuzaliwa, cha mzazi au kiapo, kitambulisho cha NIDA, na hiyo barua ya ufadhili. Toeni nakala kabisa kabla ya kwenda.