Mama ana kisukari, chai ya sukari kaacha ila ugali wa muhogo unampandisha, naombeni ushauri

Habari wakuu, niko Kigoma huku Ujiji. Bi mkubwa ana kisukari aina ya pili, yuko kwenye vidonge, soda hagusi na chai anakunywa bila sukari, sasa juzi asubuhi kabla hajala sukari yake ilikuwa 8 (mmol/L), mchana kala ugali wa muhogo na mgebuka baada ya masaa mawili tukapima mashine ikasoma 14. Anauliza hajalamba kitu kitamu sukari imetoka wapi. Majirani wanasema ahamie wali. Ugali ndo kakulia, tufanyeje?

Matembele: Pole mkuu. Utamu wa mdomoni usiwadanganye, wanga karibu wote unaishia kuwa glukosi, yaani sukari ya kwenye damu, tofauti ni kasi. Jenkins na wenzake kule Toronto 1981 ndo walikuja na kipimo cha kasi hiyo, kinaitwa glycemic index, glukosi inapewa 100, chakula cha 55 kushuka kinapandisha taratibu, 70 kwenda juu kinapandisha fasta. Maharage yako chini sana, wali mweupe mara nyingi uko juu, kwa hiyo hao majirani hawajamsaidia. Na unga ukisagwa laini ndo unameng'enywa haraka zaidi.

MwanaKasulu: Namba peke yake nayo inapotosha. Tikiti liko juu lakini kipande kimoja wanga wake kidogo, maji matupu, wakati bonge la ugali ni wanga mwingi kwa mkupuo. Angalieni kiasi. Ugali ubaki kama ngumi yake, maharage na mboga za majani vijae sahani, na aanze na samaki na mboga, ugali afuatishie. Akimaliza atembee kidogo hata uani, msimwache alale.

Mnyamwezi_TBR: Huku Tabora wagonjwa wanapewa asali eti haina madhara. Jamani asali ni sukari, inapandisha! Na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ihesabiwe kama wanga.

Dada wa Kliniki: Vidonge gani? Kama ni glibenklamaidi, hiyo inashusha sukari hata asipokula, msimkatie ugali ghafla wala asiruke mlo, sukari itashuka, atatoka jasho, atatetemeka, anaweza hata kuzimia. Andikeni vipimo vya kabla na baada ya kula mpeleke kwa daktari, dozi ipangwe na chakula kipya.

Mleta uzi: Dada asante sana, ni hizo hizo pamoja na metformini, na mimi nilishapanga kesho nimpe mboga tupu. Naanza kuandika leo, kliniki ni jumatano.