Mlango wa mbele wa mbao unakwaruza fremu, vanishi imebanduka, na mvua inapita chini

Mwenye_mlango
Wakuu, naomba ushauri. Mlango ni wa mbao ngumu, sentimita 90 kwa 210, unafungukia ndani, una bawaba mbili. Kona ya juu upande wa kitasa inakwaruza fremu, na msimu wa mvua haufungi mpaka usukumwe kwa bega. Vanishi imebanduka kuanzia katikati kwenda chini. Mvua ya upepo ikija, maji yanaingia sebuleni. Je, niurande kwanza?

Timazi
Randa iache kwanza. Mlango unaokwaruza kona hiyo mara nyingi umelala, yaani umeshuka upande wa kitasa. Ufungue nusu, shika kitasa, unyanyue: bawaba ya juu ikicheza, shida iko hapo. Kaza skrubu. Zikizunguka bila kushika, matundu yamepanuka. Yajaze vijiti vya mbao vilivyopakwa gundi ya mbao, acha usiku kucha, vikate visawazike na fremu, kisha toboa upya tundu jembamba kuliko skrubu. Skrubu moja ya bawaba ya juu ibadilishe iwe ya milimita 75, ipenye fremu na kushika ukuta (ukuta wa tofali unahitaji plagi ya plastiki ya kushikia skrubu).

Bawaba mbili hazitoshi mlango mzito kama huo. Ongeza ya tatu, ya inchi 4. Ikikaa katikati huzuia mbao kupinda. Ikikaa karibu na ya juu huzuia mlango kulala, na kwako ningeiweka huko.

Sasa pima nafasi: milimita 3 juu na pembeni. Paka chaki kwenye fremu, funga mlango, na panapogusa patajionyesha. Randa hapo tu, tena mbao ikiwa kavu. Ukiranda iliyovimba, kiangazi itasinyaa na kukuachia mwanya. Ukingo wa kitasa urandwe kwa mshazari, uso wa nje uwe mwembamba kwa milimita 2 kuliko wa ndani, maana ndio unaotangulia kuingia kwenye fremu.

Msasa_120
Timazi yuko sahihi, ila mbao imevimba kwa sababu nyingine. Ung'oe mlango uangalie ukingo wa juu na wa chini: karibu kila mara havijapakwa kitu. Mbao hunywa maji kwa kasi zaidi pale nyuzi zilipokatwa kuliko usoni. Kwa hiyo pande zote sita zipakwe, na hizo mbili zipate tabaka la ziada.

Vanishi ya zamani itoke yote. Piga msasa namba 80, kisha 120, kisha 180, ukifuata nyuzi. Mbao ya kijivu nayo iondoke mpaka rangi yake halisi irudi, kwa sababu nyuzi zake zimeshauawa na jua. Vanishi mpya itazishika hizo, kisha vyote vibanduke pamoja. Nunua vanishi ya nje yenye kinga ya mionzi ya jua, na yenye rangi kidogo hudumu kuliko angavu kabisa. Tabaka la kwanza lipunguze kwa thina asilimia 10 hadi 20 lizame, kama kopo halikatazi. Yafuate matatu yasiyopunguzwa kwa thina, na kabla ya kila tabaka jipya upitishe msasa wa 240 na ufute vumbi. Lita moja na nusu itatosha pande zote.

Mlango ukipigwa na jua kutwa, mimi ningechagua rangi ya mafuta: praima moja, tabaka mbili.

Mwenye_mlango
Asanteni sana. Na maji? Nilifikiri kuziba kwa silikoni.

Kizingiti
Silikoni huziba vitu visivyosogea. Maji yako yanapita kati ya mlango na kizingiti, na hapo lazima pawe na nafasi. Funga kibao cha kutema maji chini ya mlango, upande wa nje: juu kiwe na mteremko, na upande wake wa chini kichongwe mfereji wa milimita 5 karibu na ukingo. Tone likifika kwenye mfereji hudondoka. Bila mfereji hutambaa mpaka ndani. Kifunge kabla ya vanishi, kwa gundi isiyoachia maji na skrubu zisizoshika kutu. Kizingiti nacho kiwe na mteremko wa kwenda nje.

Mpira wa kuzuia upepo uje mwisho, rangi ikikauka kabisa. Funga mlango juu ya kipande cha karatasi ukivute. Kikitoka bila kukaza, mpira haugusi mahali hapo. Ukinunua mnene kupita kiasi, ulimi wa kitasa hautafika kwenye tundu lake. Tofauti isiyozidi milimita 2 imalize kwa tupa kwenye bati la fremu, lile lenye tundu la ulimi. Ikizidi, lihamishe bati kwa patasi. Ndani ya tundu la ufunguo usitie grisi, hunasa vumbi. Tumia unga wa grafiti.