Timu ya University ya Melbourne ilikufaje? Anayejua mpira wa Australia atusaidie

Kijana wa Langoni
Asalaam aleikum wadau. Natafuta mtu anayeijua historia ya mpira wa Australia, si soka, ni ule wa mpira wa umbo la yai wanacheza watu 18 kwa 18. Kuna mgeni alikuwa Shela hapa Lamu akatwambia zamani kulikuwa na timu ya chuo kikuu cha Melbourne ikiitwa University, iko ligi kubwa kabisa na wachezaji hawalipwi hata senti, halafu ikatoka na haikurudi tena. Ilikufa kwa kufungwa, kwa pesa au ni vile vita vya kwanza vya dunia? Nauliza manake timu yetu sisi ni ya ridhaa tupu, jioni tunakutana uwanja wa Twaif, vijana wengine wako shule wengine wanakwenda bahari, na sasa kumeanza maneno eti baadhi ya watu walipwe. Nataka nipate la kuwaambia.

Ami wa Mkomani
Waaleikum salaam mwanangu. Hiyo klabu ni ya zamani sana, 1859, mwaka uleule sheria za mchezo zenyewe ziliandikwa hapo Melbourne. VFL, yaani ligi ya Victoria, waliingia 1908 pamoja na Richmond, timu zikawa 10. Na walikuwa na masharti, huchezi mpaka uwe na cheti cha kuingilia chuo kikuu au digrii, na malipo hakuna. Wala hawakuwa wabovu, 1910 walimaliza nafasi ya 6. Sasa 1911 ligi ikaruhusu rasmi wachezaji walipwe, na hapo ndipo shughuli ilipoharibika, wenzao wanatafuta watu kwa pesa wao wamekaa na masharti yao. 1912 walishinda mechi moja tu, 1913 hakuna, 1914 hakuna, mpaka wanaondoka wamefungwa mechi 51 mfululizo! Ukipiga hesabu ya misimu yote 7 ni mechi 126, wameshinda 27 na sare 2. Kwa hivyo mimi nasema pesa ndiyo iliyowamaliza, vita vilikuta maiti.

Mdau Maweni, Malindi
Ami kwa heshima yako, vita usivitoe hivyo. Vilianza Agosti 1914 msimu wenyewe ukiwa bado unaendelea, na timu ya wanafunzi ni vijana wa umri wa kwenda jeshini wote. Rupert Balfe aliyeichezea University aliuawa Gallipoli kule Uturuki tarehe 25 Aprili 1915, siku ileile wanajeshi wa Australia waliyoshuka pwani. Hata hao wenye pesa vita viliwayumbisha, 1916 ligi ilibaki na timu 4 tu. Ila nakubali kitu kimoja, wale wengine vita vilipoisha walirudi uwanjani, University haikurudi ligi ile.

Halafu mtu asidhani walikuwa hawajui mpira. Roy Park, huyo alisomea udaktari, 1913 alifunga magoli 53 ndani ya timu ambayo msimu mzima haikushinda hata siku moja. Hebu fikiria, kila wiki unajua mnakwenda kufungwa na bado unajitokeza unafunga, tena bure! Yeye ndiye mwenyewe aliyekuja kuchezea Australia kriketi dhidi ya Uingereza msimu wa 1920-21, mechi moja tu ya kimataifa, na akatolewa mpira wa kwanza aliorushiwa. Mimi huyo namheshimu kuliko mabingwa wengi.

Bint Shela
Nyote mnasema imekufa lakini kilichokufa ni kule kuwa ndani ya VFL. Chuo mpaka leo kina timu zake Blacks na Blues, zinacheza ligi ya ridhaa ya Victoria, na rangi za ile timu ya zamani zilikuwa ni hizohizo nyeusi na buluu. Na walipoondoka mwisho wa 1914 wachezaji walioendelea wengi walielekezwa klabu ya Melbourne, Roy Park alikuwa mmoja wao. Hata Ted Cordner alichezea University na Melbourne pia, na mwanawe Don akaja akachukua medali ya Brownlow 1946, ile ya mchezaji bora wa ligi, akiwa daktari na akiwa halipwi. Kaka wa Langoni, kwa hivyo ridhaa peke yake haiui timu, kilichowaponza ni kushindana na wanaolipa huku mlango wa kuingia wameubana wenyewe.

Kijana wa Langoni
Mashallah nimepata zaidi ya nilivyotaka, Ami shukran, dada shukran. Hilo la mlango kubanwa limenigusa manake kwetu kuna wanaosema timu iwe ya watu wa mtaa tu. Nitalipinga kwenye kikao. Mdau wa Malindi, nyinyi mkicheza pale uwanja wa Alaskan wakati wa mtihani wa KCSE mnafanyaje, wanafunzi mkiwakosa?

Mdau Maweni, Malindi
Tunasajili watu wazima wa kutosha mapema, mwalimu, fundi, wa bodaboda, yeyote anayekuja mazoezini. Mwanafunzi akiwa na mtihani hatumsumbui kabisa, akimaliza anakuta jezi yake iko. Na malipo hatuna, tunachanga nauli ya mechi za mbali na maji basi.