Ubao janja mmoja au vishikwambi kumi kwa shule ya kata?

Mleta mada (Tandahimba)

Wadau wa elimu wa Kusini, salaam. Msimu wa korosho ukienda vizuri, wazazi wanakaa vikao na kuchangishana, na siku hizi kila kikao hoja ni ileile: shule yetu nayo iwe na "darasa janja". Naomba tulijadili bila ushabiki. Chukulia sekondari ya kata yenye kidato cha pili chenye wanafunzi 60 kwa mkondo, umeme wa gridi upo ila unakatika. Pesa inatosha kitu kimoja tu: ubao janja (skrini kubwa ya kugusa) wa inchi 65, au vishikwambi kumi vya wanafunzi. Lengo ni mtoto afikiri na atende, asikae kutazama. Kipi kinunuliwe?

Mimi naegemea ubao. Mwalimu mmoja akiumudu, watoto wote 60 wanafaidi kwa mpigo.

Mwalimu wa Fizikia (Newala)

Mkuu, hapo kwenye "wanafaidi kwa mpigo" ndipo tunapopishana. Ubao janja anaugusa mtu mmoja. Waliobaki 59 wanatazama, na dawati la nyuma hata hawatazami, maana hawaoni. Piga hesabu: dawati la mwisho liko kama mita 8 kutoka ubaoni. Kwa umbali huo herufi inatakiwa iwe na kimo cha sentimita 4 hivi ili isomeke bila kukaza macho. Skrini ya inchi 65 ina kimo cha sentimita 81 tu. Ukiweka nafasi kati ya mistari, unapata mistari 12 au 13. Slaidi nyingi tunazopakua zina mistari 20 na michoro midogo. Kitakachotokea ni mwalimu kuisoma kwa sauti na watoto kunakili. Hiyo ni chaki yenye umeme.

Fundi TEHAMA (Mikindani)

Niongeze la umeme, kwa sababu vikaoni huwa halisemwi hadi kifaa kimefungwa ukutani.

Ubao wa inchi 65 pamoja na laptop weka wati 200. Umeme ukikatika mnategemea betri: ya sola ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100, ina Wh (wati-saa) 1,200 kwenye karatasi. Kama ni ya risasi na asidi, usiishushe chini ya nusu, itakufa mapema. Zinabaki 600. Inveta nayo inakula asilimia 10 hadi 15, unabaki na kama 520. Gawa kwa 200: saa mbili na nusu. Hivyo ni vipindi vitatu vya dakika 40, cha nne ni bahati.

Kishikwambi cha kawaida betri yake ni kama Wh 20. Kumi ni Wh 200, na ukihesabu upotevu wa chaja weka 250. Betri ileile inavijaza vyote mara mbili, na chaji moja inakaa siku nzima ya masomo.

Hatari ya vishikwambi ni joto. Watu wanavifungia kwenye kabati la chuma chini ya bati, mlango umefungwa, vyote viko kwenye chaji tangu saa sita mchana. Betri zinavimba, skrini inainuka pembeni, baada ya hapo ni vya kutupa. Chaji asubuhi, mlango wazi. Likizo ndefu viache na chaji nusu, visiwe vimejaa wala visiwe sifuri.

Mwalimu wa Taaluma (Masasi)

Naona tunaongelea wati wakati tatizo ni dakika. Mwalimu ana mada za kumaliza kabla ya upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili, na huku kwetu Oktoba na Novemba mahudhurio yanashuka kwa sababu ya korosho. Kipindi ni dakika 40. Kugawa vishikwambi dakika tano, kuvikusanya na kuvihesabu tano nyingine, kimoja kimezima, kingine kimefunguliwa gemu. Kujifunza kwa vitendo ni kuzuri kwenye semina. NECTA, Baraza la Mitihani, hawampi mtoto alama kwa kugusa skrini.

Mkufunzi wa ualimu (Nachingwea)

Mwalimu wa Taaluma ana hoja, ila "vitendo" hapa imeshaanza kueleweka kama kugusa. Kugusa skrini si kujifunza. Mtoto anajifunza pale anapolazimika kuamua jibu, kulitetea mbele ya mwenzake, halafu kuona kama alikuwa sahihi.

Huko Marekani, Eric Mazur wa Harvard alianza katika miaka ya 1990 kufundisha fizikia kwa maswali ya kupigia kura: kila mmoja anafikiri peke yake, anapiga kura, anabishana na jirani, anapiga kura tena. Mwaka 2014 Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, hisabati na uhandisi vyuoni. Waliofundishwa kwa mihadhara tu walifeli kwa asilimia 33.8, waliofundishwa kwa njia za kushirikisha walifeli kwa asilimia 21.8. Upande wa pili, Peru iligawa laptop kwenye shule za msingi za vijijini, na tathmini ya 2012 haikuona mabadiliko kwenye alama za hisabati na lugha. Vifaa vilifika, namna ya kufundisha ikabaki ileile.

Mwalimu wa Taaluma (Masasi)

Sawa mkufunzi, ila hizo tafiti 225 ni za vyuo vikuu. Usizilete huku kwetu Chikundi kama zilivyo.

Mkufunzi wa ualimu (Nachingwea)

Sizitetei kama zilivyo. Asilimia zile si za kwetu. Ninachochukua ni utaratibu, kwa sababu hauhitaji kifaa hata kimoja. Karatasi ya A4 ikunjwe mara mbili, ipate robo nne, kila robo herufi: A, B, C, D. Wanafunzi 60, karatasi 60, rimu moja inatosha shule nzima ya watoto 500. Mwanafunzi anakunja ili herufi yake ndiyo itazame mbele.

Inapoharibika ni hapa: wanainua mmoja mmoja na kumwangalia anayeongoza darasa. Kwa hiyo kwanza waandike jibu daftarini kwa kalamu, dakika moja, kimya. Halafu "moja, mbili, tatu", karatasi zote kifuani kwa pamoja, si juu ya kichwa. Juu ya kichwa wa nyuma anaona za wote.

Waliopata wakiwa chini ya theluthi, usiwape mjadala, watadanganyana. Rudi ufundishe. Wakizidi asilimia 70, eleza kwa dakika moja na uendelee. Katikati ya hapo ndipo pa kuwaambia: tafuta jirani mwenye jibu tofauti, mshawishi, dakika tatu.

Mleta mada (Tandahimba)

Kwa maneno mengine tusinunue chochote? Wazazi wamechanga, mkufunzi. Ukiwaambia rimu ya karatasi watakuona umewachezea.

Mwalimu wa Fizikia (Newala)

Hapana, kuna mahali karatasi inaishia. Chukua mfano mmoja. Balbu ya tochi imeunganishwa na betri. Ukiongeza balbu ya pili inayofanana nayo, sambamba, ile ya kwanza itakuwaje? A, itafifia kwa nusu. B, itaongeza mwanga. C, itabaki vilevile. D, itazima.

Wengi huchagua A, kwa sababu wanaona betri kama tenki lenye mkondo wa umeme wa kiasi kimoja wa kugawana. Kwenye kitabu jibu ni C. Sasa wape betri halisi mbili za tochi na balbu: balbu inafifia kidogo! Waliosema A wanashangilia, na mwalimu asiyejiandaa anaaibika. Kinachofanya hivyo ni ukinzani wa ndani wa betri, yaani betri yenyewe inazuia mkondo kidogo, hasa ikiwa imechoka. Hesabu yake: betri za jumla ya volti 3, balbu za omu 10, ukinzani wa ndani omu 1. Balbu moja inapata volti 2.73. Ukiongeza ya pili, kila moja inapata 2.5. Imeshuka, lakini si nusu.

Hapo ndipo kishikwambi kinalipa. Majaribio ya kwenye skrini ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, mradi ulioanzishwa 2002 na Carl Wieman, ni ya bure, mengi yanapakuliwa na kuchezwa bila intaneti, na baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili. Kwenye lile la kuunda sakiti, betri inaanza ikiwa na ukinzani sifuri, kwa hiyo balbu haififii kabisa. Mwanafunzi anaingia sehemu ya mipangilio ya ziada, anapandisha ukinzani wa betri, anaona mwanga ukishuka kama wa mezani. Amepata sababu kwa mkono wake. Ubao mmoja unaweza kuonyesha hilo, lakini anayepandisha ni mwalimu.

Mwalimu wa Taaluma (Masasi)

Vizuri. Sasa nipe dakika.

Mwalimu wa Fizikia (Newala)

Swali na kura ya kwanza, dakika 4. Gawa darasa mara mbili: 30 kwenye vishikwambi, watatu kwa kimoja, 30 kwenye sakiti halisi, vikundi sita vya watano. Awamu ya kwanza dakika 14, kubadilishana 2, awamu ya pili 14, kura ya pili na maelezo 6. Jumla 40. Sakiti zinataka betri 12, balbu 12, swichi 6 na nyaya.

Watatu kwa kishikwambi, si sita. Kwa skrini ya inchi 8, wa nne anaona pembeni tu, wa sita anapiga soga. Mmoja anashika, mmoja anaandika, mmoja atasema mbele ya darasa, na majukumu yanazunguka kila swali. Usiyapange kwa majina ya muhula mzima: msimu wa korosho nusu ya kikundi haipo, utakuta kikundi chenye mwandishi tu.

Kugawa: vishikwambi vipewe namba, viongozi kumi wavichukue kabla kengele haijalia. Dakika tano unazoziogopa zinakuwa moja.

Mwalimu wa Kiingereza (Lindi)

Kuna kitu mnakiruka wote. Sekondari tunafundisha kwa Kiingereza. Ukimwambia mtoto wa kidato cha pili abishane na jirani kwa Kiingereza kuhusu ukinzani wa ndani, utapata kimya, halafu utasema njia haifai. Waache wabishane kwa Kiswahili zile dakika tatu. Kisha msemaji atoe jibu kwa Kiingereza akitumia sentensi iliyoanzishwa ubaoni, ya aina ya "The bulb becomes dimmer because...", naye aimalizie.

Mwalimu wa Taaluma (Masasi)

Mwalimu, mtihani ni Kiingereza. Ukiruhusu Kiswahili mlangoni, kitakaa mpaka sebuleni.

Mwalimu wa Kiingereza (Lindi)

Ndiyo maana nimesema jibu la mwisho ni kwa Kiingereza, na liandikwe daftarini. Mtihani unapima sentensi aliyoiandika. Asipoelewa kwanza, ataikariri ile ya kwenye kitabu na swali likigeuzwa kidogo hana pa kushika.

Fundi TEHAMA (Mikindani)

Kabla hamjanunua, vile vishikwambi vya sensa ya 2022 walivyogawiwa walimu viko wapi? Shule yenye walimu 15 inaweza kuwa na zaidi ya kumi vinavyowaka. Vikusanywe kwa kipindi kimoja tu, virudi.

Najua pingamizi: vina mambo binafsi ya mwalimu na ni mali ya serikali. La pili ni la mkuu wa shule, aliwekee daftari la kutoa na kupokea. La kwanza lina ufundi. Android ina uwezo wa kubandika programu moja kwenye skrini: ukiiwasha, mtoto hatoki hadi aweke namba ya siri. Inakuwa kwenye mipangilio ya usalama, ila jina lake linatofautiana kati ya kifaa na kifaa.

Faili za PhET zipakueni mara moja kwenye bando la ofisi, mzihamishe kwa kadi ya kumbukumbu. Zifunguliwe kwa Chrome. Kishikwambi kikizifungua kwa kisomaji chake cha ndani, mara nyingi skrini inabaki nyeupe na mwalimu anadhani faili ni bovu. Mkitaka masomo mengi zaidi bila intaneti, iko programu ya Kolibri: inakaa kwenye kompyuta moja, na vishikwambi vinaisoma kupitia ruta isiyo na bando lolote.

Mleta mada (Tandahimba)

Hilo la vya sensa sikuliweka kwenye hesabu. Tuseme vinapatikana nane. Pesa ya wazazi iende wapi? Na bado nataka mwalimu awe na pa kuonyeshea wote, msinivue hoja yote.

Mwalimu wa Fizikia (Newala)

Vishikwambi viwili vya kufikisha kumi, na viwili vya akiba. Seti sita za sakiti. Kinachobaki kinunue projekta, lakini msinunue ile ndogo ya bei chee. Boksi linaandika lumeni elfu kadhaa, ukiiwasha saa nne asubuhi na madirisha wazi ukuta unabaki mweupe. Muulize muuzaji lumeni za ANSI (mwanga uliopimwa kwa kiwango rasmi), zisipungue 3,000, na muijaribu mchana darasani kwenu, si dukani kwake gizani.

Fundi TEHAMA (Mikindani)

Na ikiwa ni ya taa, iwekwe kwenye UPS (betri ya dharura) hata ndogo. Umeme ukikatika ghafla, feni inasimama taa ikiwa bado ya moto, na taa ndiyo kifaa ghali kuliko vyote humo ndani. Dakika tano za UPS zinatosha kuizima taratibu. Kichujio cha vumbi kifunguliwe kila mwezi, na huko Newala na Tandahimba kwenye vumbi jekundu kila wiki mbili.

Mwalimu wa Taaluma (Masasi)

Nakubali ratiba ya dakika 40 ijaribiwe kwa mada moja, mkondo mmoja, na mkondo wa pili ufundishwe kama kawaida. Mtihani uwe mmoja, usahihishwe na mwalimu wa shule jirani. Ila mleta mada, kwenye kikao cha wazazi andikeni na hili: betri za sakiti zinaisha, na balbu zinaungua. Nani atazinunua muhula wa pili?