Georgetown: tuwalaumu wachezaji wanaohama au kocha?

Mleta mada:
Wapenzi wa kikapu cha vyuo vya Marekani, habari zenu. Kila Georgetown, timu ya chuo cha Washington inayofungwa sana miaka hii, ikitajwa, hoja ni ileile: vijana wa siku hizi hawatulii, uhuru wa kuhama umeua timu. Mimi nasema wanasingiziwa.

Machi 2021 Patrick Ewing, aliyeipa Georgetown ubingwa wa taifa 1984 akiwa mchezaji, alibeba kombe la Big East, ligi yao, akiwa kocha. Fainali waliinyuka Creighton 73-48. Mwezi uliofuata NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ikaruhusu mchezaji kuhama mara moja bila kukaa nje msimu mzima. Msimu wa 2021-22, mechi za ligi: 0-19, yaani ushindi sifuri, vipigo 19. Hata moja! Tena Novemba walikuwa wameshalala nyumbani 69-60 mbele ya Dartmouth, chuo ambacho hakitoi ufadhili wa michezo kabisa.

Haya, sheria ndiyo mchawi? Mchezaji wao James Akinjo aliondoka Desemba 2019, katikati ya msimu. Mwenzake Mac McClung akafuata 2020. Hao waliondoka enzi ambazo kuhama kulikuwa na adhabu. Watu wanamcheka Qudus Wahab, senta wa Kinaijeria: 2021 alihamia chuo cha Maryland, 2022 karudi Georgetown, 2023 akaenda Penn State. Lakini aliporudi alikuta nini? Wenzake kila mmoja na chuo chake: mmoja katoka LSU, mwingine Duquesne, mwingine Connecticut, mwingine Arizona State, hawajawahi kucheza pamoja. Wakashinda 7, wakapoteza 25. Aliyewasajili nani, kama si kocha?

Mchangiaji:
Kaka, unamwonea Ewing. Aliondolewa Machi 2023, akaja Ed Cooley, msimu wa kwanza 9-23. Kocha mpya, kipigo kilekile. Sababu ni kwamba kila mwaka unaanza na sura mpya, nani atamjua mwenzake? Chukua marehemu Dikembe Mutombo, senta wa Kongo aliyepitia Georgetown. Alitoka Kinshasa 1987 akidhani anakwenda kusomea udaktari, mwaka wa kwanza hakucheza kabisa. Akavumilia, 1991 akachaguliwa wa nne NBA, na shahada juu. Leo kijana kama yule angeshapigiwa simu na vyuo kumi vikimtaka ahame kabla hajajua kuzuia mpira vizuri.

Mleta mada:
Mutombo umemleta vizuri, ila angalia nani alimfundisha. John Thompson, kocha wa Georgetown wakati huo, mwenyewe alikuwa senta, aliyekaa benchi la Boston Celtics ya NBA nyuma ya nguli Bill Russell. Kijana mrefu asiyejua mchezo angekwenda wapi kupata mwalimu kama huyo? Kilichomweka pale ni mwalimu. Kuhusu Cooley, mwaka wa pili alimaliza 18-16, tena sheria za uhamisho zikiwa zimelegezwa zaidi.

Halafu huyo Cooley alitoka wapi? Providence, timu ya Big East hiyohiyo! Aliondoka akaenda kwa mpinzani, na hakuna aliyemwambia akae nje mwaka. Aliporudi kucheza kule Januari 2024 mashabiki walimzomea mwanzo mwisho, basi, ndiyo adhabu yote. Mchezaji akifanya hivyo tunasema hana uvumilivu.

Mchangiaji:
Cooley ni mtu mzima, ana mkataba. Hawa ni wanafunzi.

Mleta mada:
Hapo ndipo ninapopataka mimi. Kocha akifukuzwa hulipwa kilichobaki kwenye mkataba. Mwanafunzi je? Toka 1973 hadi 2012 NCAA ilikataza vyuo kutoa ufadhili wa zaidi ya mwaka mmoja mmoja. Kocha akikuchoka, msimu ujao nafasi yako ana mwingine. Hakuna aliyelia kwamba vikosi havitulii. Kelele zimeanza vijana walipopata haki ya kuondoka wao. Kama chuo kinataka kijana akae miaka minne, kimpe mkataba wa miaka minne unaolipwa hata akiumia goti, kisha tuone nani atahama.