Suti ya bluu ya giza, kiatu rangi gani? (usaili Leeds, harusi Ujiji)

Kutoka: mdogo wenu wa Mwanga, niko Leeds

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Nina jambo ambalo linaninyima raha. Wiki ijayo nina usaili kwenye ofisi ya bima hapa Leeds, halafu Desemba, Mungu akipenda, nashuka Kigoma kwenye harusi ya binamu yangu. Nikahi ni Ujiji, sherehe ukumbini Mwanga. Suti ninayo moja, bluu ya giza. Viatu ninavyo vya kahawia nyepesi, vile vya kuchongoka ambavyo nyumbani kila kijana anavyo kwa ajili ya sendofu. Ninayekaa naye ananiambia niende navyo tu, siku hizi kila kitu ruksa. Hela niliyonayo ni ya jozi moja. Ninunue rangi gani? Na harusini nivae nini, maana kamati imeshatangaza: wanaume suti ya kijivu, au kadeti na koti.

Kutoka: kaka yenu wa Ujiji, niko Reading

Marahaba mdogo wangu. Hili umeuliza kwa mwenyewe, maana nimefanya kazi miaka mingi kwenye duka la nguo za kiume hapa Uingereza, na vijana wetu nawaona wakipita na suti nzuri kabisa iliyoangushwa na kiatu.

Nunua nyeusi. Ngozi laini isiyo na matundu ya mapambo, ya kamba, ncha ya duara ya wastani. Vile vya kuchongoka viache kabatini siku hiyo.

Nikueleze sababu, usije ukadhani ni ushamba wa wazee. Waingereza wa zamani walikuwa na desturi kwamba kahawia ni ya shambani na mawindoni, nyeusi ni ya mjini kazini. Watu wengi wameshaiacha, ila kwenye fedha, sheria na bima bado ina wenyewe, hasa waliokaa upande ule mwingine wa meza. Mwaka 2016 tume ya hapa iitwayo Social Mobility Commission ilitoa ripoti kuhusu benki za uwekezaji za London, na mojawapo ya mambo waliyoyaeleza ni hilo hilo: mwanamume akiingia na suti ya kazi na viatu vya kahawia, baadhi ya mabosi wanamhesabu kuwa si mwenzao. Tume iliyataja kama kasoro, kwa sababu wanaoumia ni vijana wenye akili ambao nyumbani kwao hakuna aliyewahi kuwaambia. Mimi linaniuma kila nikilikumbuka. Mtoto amesoma kwa taabu Kigoma, amefika mpaka hapa, kisha anapunguziwa alama kwa rangi ya ngozi ya kiatu! Ndiyo maana nalisema waziwazi kwenye kundi hili, ili wa kwetu wasikwame pale.

Usaili ukiisha na kazi ukaipata, angalia wenzako wanavaa nini. Ofisi nyingi utakuta kahawia imejaa tele. Na ukienda Italia, suti ya bluu na kiatu cha kahawia ndiyo mavazi ya kila siku ya mtu nadhifu.

Sasa rangi zenyewe. Shika neno moja: kiatu kiwe na giza sawa na suruali au zaidi yake. Macho ya mtu yakishuka kutoka kwenye koti yanataka kutua mahali pazito. Suruali ikiwa nyeusi na kiatu rangi ya ugoro, macho yote yanakimbilia miguuni na uso wako unasahauliwa.

Suti nyeusi, kiatu cheusi, basi, hakuna mjadala. Bluu ya giza kama yako inakubali nyeusi, kahawia iliyokoza kama kahawa isiyo na maziwa, na damu ya mzee. Hiyo damu ya mzee watu wetu wanaiogopa bure. Kwenye bluu ya giza na kwenye kijivu inapendeza kuliko hata kahawia, na haipigi kelele. Kijivu kilichokoza kinataka nyeusi au damu ya mzee. Kahawia hapo iwe ya giza sana, la sivyo inaonekana kama umevaa kwa haraka gizani. Kijivu chepesi ndicho kinachosamehe: nyeusi sawa, kahawia sawa, hata ile nyepesi yako sawa mchana. Suti ya kahawia au ya kaki usiitie nyeusi, itakata mwili vipande viwili. Tafuta kahawia iliyokoza kuliko kitambaa.

Mkanda ufuate kiatu. Si lazima rangi ifanane kwa asilimia mia, ila mweusi kwa mweusi, kahawia kwa kahawia, na kama kiatu kinang'aa mkanda usiwe uliochakaa. Soksi zifuate suruali, zisifuate kiatu, na ziwe ndefu. Ukikaa mbele ya msaili ukakunja mguu, ngozi ya muundi isionekane. Soksi nyeupe ziache kwa raba.

Na kitu kimoja ambacho wauzaji hawakuambii. Taa za dukani zina unjano, kahawia ya giza inaonekana nyeusi na bluu ya giza inaonekana nyeusi. Nenda na suti yako kwenye mfuko. Chukua kiatu, peleka karibu na dirisha au mlangoni, kiweke juu ya upindo wa suruali, uviangalie kwa mwanga wa jua, hata kama ni hili jua la Leeds. Pale ndipo utaona kahawia nyingine ina wekundu ndani yake na nyingine ina ukijani. Kwa bluu chagua yenye wekundu. Yenye ukijani itaifanya suti ionekane imechujuka.

Kuhusu umbo, kwa ufupi: kiatu cha oksfodi ni kile ambacho vipande viwili vyenye matundu ya kamba vimeshonwa chini ya ngozi ya mbele, kwa hiyo mdomo wake umefungwa vizuri juu ya mguu. Dabi vipande hivyo vimeshonwa juu, vinafunguka kama mabawa. Oksfodi ni rasmi zaidi. Mguu wako ukiwa mnene juu, dabi nyeusi safi itakufaa na hakuna atakayekusema. Ngozi ile ya kung'aa kama kioo iache, hiyo ni ya bwana harusi na wapiga muziki.

Kutoka: dada wa Kasulu, niko Hamburg

Salaam. Kaka kasema yote ya rangi, mimi nasema ya kutunza, kwa sababu naona wanaume wetu wananunua kiatu kizuri Novemba, Februari kimekufa.

Huku barabarani wanamwaga chumvi theluji ikianguka. Ile chumvi inapanda kwenye ngozi, inaacha mawimbi meupe, na ukiyaacha ngozi inakakamaa na kupasuka pale inapokunjika. Ukifika nyumbani futa kwa kitambaa chenye maji na siki, nusu kwa nusu. Acha vikauke vyenyewe, ukiwa umesokomeza magazeti ndani yanyonye unyevu. Usiviweke juu ya hita hata kama kesho asubuhi unavihitaji. Vikikauka ndipo upake mafuta ya ngozi, halafu dawa ya viatu, halafu brashi. Na usivae jozi moja siku mbili mfululizo kama unaweza. Jasho la mguu linahitaji siku nzima kutoka.

Kwa hiyo mdogo wangu, usifikirie usaili tu. Ukianza kazi mwezi wa kumi na moja utatembea na raba au buti mpaka ofisini, vile vyeusi utavibeba mfukoni na kuvibadilishia hapo. Hata Wajerumani wenyewe wanafanya hivyo.

Hivyo vya kahawia nyepesi usivitupe. Paka dawa ya kahawia iliyokoza zaidi kidogo, kwa ukonde, subiri, piga brashi, rudia baada ya kila kuvaa. Taratibu vinaiva, ncha na kisigino vikitangulia kuwa na giza, na vinapendeza kuliko vilipokuwa vipya. Jaribu kwanza sehemu ndogo ya ndani karibu na kisigino, kwa sababu ngozi iliyopakwa plastiki juu hainywi dawa. Ila ujue kwenda kwenye giza kunawezekana, kurudi kwenye weupe hakuna. Swedi, ile ngozi yenye vinyweleo laini kama mahameli, usiipake chochote, hiyo ni brashi yake tu na dawa ya kupuliza ya kuzuia maji.

Kutoka: baba mdogo, niko nyumbani Mwanga

Wanangu nawasoma kutoka huku huku Kigoma. Niongeze machache maana harusi iko kwetu.

Desemba ni mvua. Udongo wetu mnaujua, mwekundu, na ukilowa unashika soli mpaka kiatu kinakuwa kizito kama jembe. Mgeni akija na viatu vyepesi vya swedi kutoka Ulaya, kuanzia kwenye bodaboda mpaka mlangoni pa ukumbi vimekwisha. Kijana njoo na vya ngozi vinavyofutika, na kitambaa kidogo mfukoni. Damu ya mzee na kahawia vinaficha lile vumbi jekundu, nyeusi inalionyesha lote.

La pili, Ujiji ni msikitini. Viatu vinavuliwa. Ukija na oksfodi ya kamba ngumu utakuwa umeinama mlangoni watu wamekupanga foleni nyuma. Kwa nikahi vaa mokasini, vile vya kutumbukiza mguu visivyo na kamba, na hakikisha soksi hazina tundu, kwa sababu zitaonekana na wakwe wote. Na kama utavaa kanzu na koti, jambo ambalo mimi ningelipendelea kwa mtoto wa Ujiji, kanzu nyeupe na koti la bluu ya giza vinakaa na mokasini nyeusi au makubadhi mazuri. Viatu vya kamba chini ya kanzu havikai.

La tatu, msidharau mtumba. Hapa soko la Mwanga vinafika viatu vya ngozi vilivyotengenezwa huko huko mliko, ila mnunuzi awe na jicho. Kunja soli kwa mikono miwili: ngozi halisi inatoa mikunjo midogo midogo, ya plastiki inatoa mkunjo mmoja mkali. Geuza uangalie ukingo wa soli kama una uzi wa kushonwa kweli au ni mchoro wa mashine juu ya gundi. Chenye uzi fundi anakibadilisha soli na kinaendelea na maisha. Chenye gundi kikifunguka kwa mvua ya Desemba, ndiyo imetoka. Rangi isiwape shida, mafundi wetu wanapaka kahawia kuwa nyeusi wakati wewe unakunywa chai, ingawa rangi ya bei rahisi itakuachia weusi kwenye upindo wa suruali ya kadeti. Isugue kwa kitambaa cheupe kabla hujalipa.

Kutoka: mdogo wenu wa Mwanga, niko Leeds

Shikamoo baba mdogo. Asanteni sana wote. Nimeelewa nyeusi kwa usaili. Bado kadeti: ninayo ya kaki na ya bluu. Na mdogo wangu wa kiume aliyepo Kigoma ananiomba nimletee viatu, anasema anavaa 42, nimeona hapa vimeandikwa 8. Ndivyo?

Kutoka: kaka yenu wa Ujiji, niko Reading

Kadeti ya kaki na koti la bluu, vaa hivyo vya kahawia nyepesi ukishaviivisha alivyosema dada. Mchana, harusi, Kigoma, hapo ndipo mahali pake hasa, na kwa mara ya kwanza havitapigana na nguo. Mkanda wa kahawia. Kadeti ya bluu iache, kwenye picha itaonekana kama suti iliyokosa koti lake. Ukiamua suti ya kijivu ya kamati, uliza kwanza ni kijivu kipi. Wakikuletea picha kwenye simu usiiamini, mwambie mtu akupigie nje kwenye jua, kitambaa kikiwa kando ya kiatu cheusi. Kikiwa chepesi chukua vya kahawia, kikiwa kilichokoza chukua hivyo vyeusi vya usaili.

Namba: 42 ya Ulaya ni kama 8 ya Uingereza, na kwa Marekani ni 9, kwa hiyo soma vizuri ndani ya ulimi wa kiatu imeandikwa ya wapi. Ila usinunue kwa namba tu. Ya Ulaya inapanda kwa theluthi mbili za sentimita, ya Uingereza kwa theluthi ya inchi, haziendi sambamba, na kila kiwanda kina kalibu yake. Mwambie mdogo wako asimame jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo kwa kutembea, juu ya karatasi, amevaa soksi atakayovaa harusini. Mtu mwingine achore kwa kalamu iliyosimama wima, miguu yote miwili, kisha apime kutoka kisigino hadi kidole kirefu. Kwa 42 utapata karibu sentimita 26 na nusu. Apime na upana pale kwenye mifupa ya vidole, kwa sababu vijana waliokua peku wengi wetu tuna miguu mipana mbele, na viatu vya hapa vingi ni vyembamba. Vipo vyenye upana wa ziada, vimeandikwa herufi kama G au H baada ya namba. Mguu mmoja ukizidi, fuata ule mkubwa.

Nitumie vipimo ukivipata. Jumamosi napita dukani nilikokuwa nafanya kazi, nitakuangalizia nyeusi ya upana huo kabla hujatoa hela yako.