Simuleta ya gofu: gharama halisi ni ipi ukijumlisha kila kitu?

Shimo_la_19
Wakuu, naomba msaada wa hesabu. Nataka kufunga simuleta ya gofu, yaani kupiga mpira chumbani kwenye pazia linaloonyesha picha ya uwanja. Chumba kina urefu wa mita 5.6, upana mita 3.8, dari mita 2.8. Kwanza ni matumizi ya nyumbani, baadaye ikiwezekana kukodisha kwa saa. Bei ninazoziona zinaanzia dola 600 hadi zaidi ya 20,000. Hela inaishia wapi hasa, na ni wapi mtu akibana atajuta?

FundiPazia
Hiyo dola 600 ni ya kipimio tu, kile kifaa kinachosoma mpira. Garmin Approach R10 iliingia sokoni 2021 kwa bei hiyo hiyo. Ncha ya juu ndiko viliko vipimio vya akina Trackman. Pazia, fremu, zulia, projekta na kompyuta havimo. Kwa seti ya kati, tenga nusu ya bajeti kwa kipimio na nusu kwa vilivyobaki. Ukichukua kipimio cha bei nafuu, uwiano unapinduka: vilivyobaki vinakishinda mara kadhaa.

Kwa chumba chako, hesabu ya urefu ndiyo inayochagua kifaa. Acha sm 30 nyuma ya pazia ili lipate pa kubonyea, kisha mita 3 kutoka pazia hadi mpira. Nyuma ya mpira zinabaki mita 2.3. Vipimio vya rada hukaa nyuma ya mchezaji, mita 2 hivi kutoka kwenye mpira, halafu vinataka kuuona mpira ukiruka angalau mita 2.4. Utaingia kwa kubanana. Na kwa mruko mfupi hivyo, rada ya bei ya chini hukisia mzunguko wa mpira badala ya kuupima, kwa hiyo mipira inayokata kulia au kushoto itakudanganya. Chukua cha kamera kinachokaa ubavuni mwa mpira. Bei inapanda, ila chumba chenyewe kimeshakuamulia.

Usibane kwenye pazia. Kitambaa cha turubai la kawaida hurudisha mpira kwa nguvu hadi kwenye magoti. Pazia la tabaka kadhaa za poliesta lifungwe kwa kamba za mpira pande zote, upande wa chini uwe legelege kidogo. Likikazwa kama ngoma, hata lile zuri linarudisha. Mabomba ya fremu yavikwe sponji yote, maana mpira wa gofu una gramu 46 na ukigonga chuma haujulikani unakwenda wapi.

Weji60
Naongezea la dari, watu hulisahau. Pazia la upana wa mita 3.2 kwa uwiano wa 4:3 lina kimo cha mita 2.4. Piga weji (fimbo ya kupaisha mpira juu) inayopanda kwa digrii 40 kutoka mita 3: mpira unafika ukiwa mita 2.5 juu, yaani unapita juu ya pazia na kugonga ukuta. Sogeza mpira hadi mita 2.7 na unafika kwenye 2.3. Halafu tandaza wavu au kitambaa kizito darini kwa mita moja ya mwisho kabla ya pazia. Ni gharama ndogo, taa na plasta vitapona.

Projekta nayo ina kanuni moja: upana wa picha mara uwiano wa lenzi ni umbali wake kutoka kwenye pazia. Lenzi ya 0.5 kwa picha ya mita 3.2 inakaa mita 1.6 kutoka kwenye pazia, mbele ya mchezaji, haigongwi na fimbo wala kivuli hakipo. Lenzi ya 1.2 ni rahisi zaidi dukani, lakini inataka mita 3.84, nyuma ya mgongo wako, na utakipigia mpira kivuli chako mwenyewe. Kwa chumba chenye giza lumeni 3,000 zinatosha.

Zulia: liwe na kipande cha kupigia kinachobadilishwa peke yake. Jembamba lililolazwa juu ya saruji linaumiza viwiko na vifundo vya mikono. Na kipimio kikae usawa mmoja na mpira. Zulia likiwa na unene wa sm 4 na kamera ikawa sakafuni, namba za pembe ya kupaa zinaharibika na utaanza kulaumu fimbo.

Saa_kwa_Saa
Upande wa biashara: upana wa mita 3.8 ni tatizo. Ili mtu wa mkono wa kulia asigonge ukuta kwa nyuma, itabidi mpira utoke katikati kwa sm 40 hivi. Hapo mtu wa mkono wa kushoto hachezi. Anayekodisha akija na wenzake watatu na mmoja ni wa kushoto, umepoteza wanne.

Leseni pia. Programu ya kuchezea kwenye kompyuta, kama GSPro, ni dola 250 kwa mwaka kwa matumizi ya nyumbani. Leseni ya nyumbani si ya kukodisha, kwa hiyo uliza bei ya biashara kabla hujanunua kipimio, kwa sababu si kila kipimio kinaongea na kila programu.

Toza kwa saa ya chumba, si kwa kichwa. Mtu mmoja humaliza mashimo 18 kwa saa moja hivi, wanne ni saa tatu hadi nne. Mfano wa hesabu: mtaji dola 30,000, faida ya saa moja baada ya umeme na mhudumu ni dola 25, unahitaji saa 1,200. Kwa saa nne kila siku ni siku 300. Weka humo pazia jipya, kwani la biashara huchakaa mapema, hasa pale katikati ambapo mipira yenye mikwaruzo ya weji hulikata. Mpe mteja mipira safi ya kwako, asije na yake.

Shimo_la_19
Nimewaelewa. Basi kamera ya ubavuni, mpira mita 2.7, lenzi 0.5. Biashara niisahau?

Saa_kwa_Saa
Kwenye chumba hicho, ndiyo. Ukipata cha upana wa mita 4.5, kipimio na kompyuta vinahama na wewe. Fremu utaikata upya.

FundiPazia
Na kabla hujalipa chochote: simama juu ya ubao wa sm 4 (unene wa zulia), shika draiva, ile fimbo ndefu, izungushe polepole pale mpira utakapokaa. Ikigusa dari, hesabu zote hizi zinaanza upya.